Kukwangua na Kukausha kwa Umeme Saratani ya Ngozi: Hukumu ya Matibabu Haya na Mas-ala Yanayofungamana Nayo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kwa muda sasa tumekuwa tukipokea suali moja kwa sura tofauti. Mgonjwa ameambiwa na daktari wa ngozi kwamba kidonda chake ni saratani, na kwamba dawa yake ni kukwanguliwa na kisha kuchomwa kwa umeme. Anaporudi nyumbani anaambiwa na jirani, au na mtu msikitini, kwamba kuchoma moto kwa ajili ya tiba kumekatazwa na Mtume (s.a.w.). Mgonjwa anabaki kati ya maneno mawili, na wakati unakwenda.

Naanza kwa kukiri kosa langu. Miaka ya nyuma alinijia mzee mmoja baada ya sala ya Ijumaa, na kidonda kwenye mkono chini ya kiwiko, kidogo kuliko sarafu. Aliniuliza suali hili hili. Nilimwambia avute subira mpaka nitazame vitabu, nikashughulika na mengine, na yeye kwa heshima hakunikumbusha. Aliporudi hospitali kidonda kilikuwa kimeshuka chini, hakikuwa tena cha kukwangua. Alikatwa nyama kubwa na akabandikwa ngozi iliyotolewa pajani. Alhamdulillah yu hai. Lakini tangu siku ile naliona suali hili kuwa ni la kujibiwa papo hapo, na ndiyo maana nimeliandika jawabu lake kwa urefu.

Matibabu yenyewe ni yepi

Mwanachuoni hatoi hukumu juu ya kitu asichokijua, kwa hiyo tuanze na sura ya jambo lenyewe.

Kwanza hukatwa kipande kidogo cha kidonda na kupelekwa maabara. Bila ya kipimo hicho hakuna anayeweza kusema kwa yakini kwamba hii ni saratani, wala ni ya aina gani. Ikithibiti kuwa ni ya aina isiyo kali na iko juu juu, daktari husafisha mahala pale, hupiga sindano ya ganzi, kisha huchukua chombo kilicho mfano wa kijiko kidogo au pete yenye makali, na kukwangua. Nyama ya saratani huwa laini na hukatika upesi, na ngozi nzima ni ngumu, haikwanguki. Mkono wa daktari mzoefu huhisi tofauti hiyo, na kwa hisia hiyo hujua amefika wapi.

Baada ya kukwangua huchukua ncha ya chuma inayopitisha umeme, akaipitisha juu ya kidonda. Umeme huo huzalisha joto ndani ya nyama yenyewe, hukausha maji yaliyomo kwenye chembechembe, huua masalia ya saratani na husimamisha damu. Kisha hukwangua tena na kukausha tena, mara mbili mpaka tatu kwa kikao kimoja. Mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Hakushonwi kitu. Kidonda huachwa kijijaze chenyewe, na kwa kawaida huchukua wiki tatu hadi sita, mguuni huenda zaidi, na hubakisha kovu la mviringo lenye weupe.

Matibabu haya hufaa kwa saratani ndogo zilizo mwilini, mikononi na miguuni, ambazo hazijazama. Zikichaguliwa vizuri, wagonjwa zaidi ya tisa katika kumi hawarudiwi na maradhi mahala pale. Hayafai kwa saratani iliyokwisha kurudi baada ya kutibiwa, wala iliyotuama karibu na jicho, pua, mdomo au sikio, wala penye nywele nyingi kama kichwani na kidevuni, kwa sababu saratani huweza kushuka na shina la nywele mahala ambapo kijiko hakifiki. Na daktari akikwangua mpaka akaona mafuta ya chini ya ngozi, husimama na kubadilisha njia, akakata na kushona. Kasoro yake ni kwamba kilichokwanguliwa hutoka vipande vipande, kwa hiyo maabara haiwezi kusema kama kingo zote zimesafika. Ndiyo maana mgonjwa lazima arudi kuangaliwa, hata akijiona amepona.

Ipo aina kali inayoitwa melanoma, inayotokana na chembe za rangi ya ngozi. Hiyo haikwanguliwi kabisa. Hukatwa yote pamoja na sehemu ya ngozi nzima. Kwetu sisi watu weusi hupenda kutokea unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, mahala ambapo mtu hudhani amechomwa na mwiba au amejikwaa. Na aina nyengine inayotupata hutokea juu ya kovu la zamani la moto au juu ya kidonda ndugu kilichokaa miaka. Kidonda kisichopona kwa muda wa mwezi, kinachovuja damu, kikakauka na kufumuka tena, kipelekwe kwa daktari.

Kuchoma kwa ajili ya tiba katika Sunna

Wanaokataza hawakuzua. Imepokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja mambo matatu yenye shifaa, nayo ni asali, kuumika na kuchoma moto, kisha akasema kwamba anaukataza umma wake kuchoma. Katika hadithi ya watu sabini elfu watakaoingia Peponi bila hesabu, miongoni mwa sifa zao ni kwamba hawajichomi. Na Imran bin Huswain (r.a.) alisimulia kwamba alikuwa akisalimiwa na Malaika, akajichoma kwa maradhi yake, salamu zikakatika, alipoacha zikarudi. Haya yote ni sahihi, na anayeyasoma peke yake ana haki ya kuogopa.

Lakini dini haichukuliwi kwa hadithi moja ikaachwa nyengine. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu, akamkata mshipa kisha akamchoma mahala pale. Na Sa'd bin Muadh alipopigwa mshale wa mkono katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) alimchoma kwa mkono wake mwenyewe, na jeraha lilipovimba akamchoma mara ya pili. Anas bin Malik naye amesema kwamba alichomwa kwa maradhi ya ubavu na Mtume (s.a.w.) yu hai, na Masahaba wenziwe walihudhuria.

Imam Ibnul Qayyim, rahimahullah, katika Zadul Maad amezikusanya hadithi hizi akasema zina mambo manne: kwamba Mtume (s.a.w.) amelifanya, kwamba hakulipenda, kwamba amewasifu walioliacha, na kwamba amelikataza. Na hakuna mgongano baina yake. Kulifanya kunaonyesha kuwa ni halali. Kutolipenda hakumaanishi uharamu. Kuwasifu walioliacha kunaonyesha kuwa kuacha ni bora pale ambapo hakuna haja. Na katazo ni la karaha, au ni kwa yule anayejichoma bila ya haja kwa kuogopa maradhi yasiyokuja. Kabla yake Ibn Qutayba aligawa kuchoma sehemu mbili: kumchoma mtu mzima asije akaugua, na hili ndilo linalokatazwa kwa kuwa ni kutaka kuizuia kadari, na kuchoma jeraha lililoharibika au kiungo kilichokatwa, na hili ndilo lenye shifaa. Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa wakiutukuza moto huo kana kwamba wenyewe ndio unaoponya, na hapo katazo likawa na mahala pake.

Sasa litazame tena tukio la Ubayy bin Kaab. Tabibu alikata, kisha akachoma alipopakata, ili damu isimame na jeraha lisiharibike. Daktari wa ngozi anakwangua, kisha anachoma alipopakwangua, kwa makusudio yale yale na zaidi. Sijui mfano ulio karibu kuliko huu. Wapo wanaosema kwamba umeme si moto, kwa hiyo katazo halihusiki asili yake. Huenda wakawa sahihi, lakini hatuhitaji kuikimbilia hoja hiyo. Hata tukiuhesabu kuwa ni moto mtupu, hukumu yake ni halali kwa mwenye haja.

Na anayeshika hadithi ya kwamba haadhibu kwa moto ila Mola wa moto, ajue kwamba hiyo imekuja katika adhabu. Daktari aliyekwisha kumpiga mgonjwa sindano ya ganzi hamuadhibu. Waislamu wa zamani walilifahamu hili vyema. Abul Qasim az-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11 kwa tarehe ya miladi, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu, At-Taswrif, chenye sehemu thelathini, na sehemu ya mwisho, ya upasuaji, ameifungua kwa mlango wa kuchoma.

Je, ni halali tu, au ni wajibu?

Asili ya kujitibu katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ni sunna, si wajibu, kwa kuwa shifaa haina yakini. Lakini Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika azimio lake namba 67 la mwaka 1992 mjini Jeddah, lilisema kwamba kujitibu huwa wajibu ikiwa kuacha kunapelekea kupotea kwa nafsi, au kiungo, au kumfanya mtu asijiweze, au maradhi yakawa ni ya kuambukiza wengine. Saratani ya ngozi ya aina tuliyoitaja ikiachwa hula nyama, hula mfupa, na hatimae huua. Dawa yake ikiwa mapema ni ya saa moja na matumaini ya kupona ni makubwa. Kwa hivyo naona kwamba mwenye uwezo wa kuifikia akaiacha kwa ukaidi tu, anaogopewa dhambi. Mwenye khofu ya kweli tuzungumze naye kwa upole.

Mwengine huniambia, "Sheikh, mimi natawakali." Ubayy na Sa'd (r.a.) walitawakali kuliko sisi sote. Ruqya ya kisheria na asali havikatazwi, asome na anywe, lakini aviweke pamoja na hospitali. Na kuipaka asali juu ya saratani miezi sita huku inachimba, huko ni kuichezea amana ya mwili.

Tahadhari moja: ruhusa hii si ruhusa ya kuchomwa na kila mtu. Wapo mitaani wanaochoma uvimbe kwa msumari au kisu kilichotiwa makaani, au kwa maji ya betri. Hawana kipimo, hawajui kina, na huacha juu pamekauka na chini mzizi uko hai. Hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyopokewa na Abu Daud inasema kwa maana yake kwamba anayejifanya tabibu na hajulikani kwa utabibu, basi hubeba dhamana ya madhara.

Udhu, sala na kidonda

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapotaabika, na mimi napenda kupaeleza polepole.

Kabla ya kwenda hospitali, tia udhu. Sababu yake ni kwamba katika madhehebu yetu bandeji inatakiwa ifungwe mtu akiwa na twahara. Kutoka damu hakutengui udhu kwa Imam Shafi na Imam Malik, kwa hiyo ukwanguaji wenyewe haukuharibii. Na daktari akiwa wa jinsia nyengine, glavu alizovaa ni kizuizi, mguso wake hautengui. Ukitoka pale umefungwa bandeji na una udhu wako, mambo yako yamekuwa mepesi. Mwambie pia daktari asifunge zaidi ya inavyohitajika ili bandeji ishike.

Sala inayofuata, mathalan kidonda kiko mkononi: utaosha uso, kisha utaosha sehemu nzima ya mkono, utapangusa kwa maji juu ya bandeji yote, na utatayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji, ndipo uendelee na kichwa na miguu. Mpangilio huu ni wa udhu. Katika josho la janaba hakuna mpangilio, tayamamu yaweza kutangulia au kuchelewa. Ikiwa kidonda kiko wazi bila bandeji na maji yanadhuru, utaosha palipo pazima na kutayamamu, basi, hupangusi kidonda. Ikiingia sala nyengine ya faradhi na udhu wako haujatenguka, utarejea tayamamu peke yake. Damu ndogo inayochuruzika kwenye shashi imesamehewa.

Je, atalipa sala hizo? Kauli inayotegemewa kwetu ni kwamba bandeji ikiwa kwenye viungo vya tayamamu, yaani uso na mikono, analipa; ikiwa kwengineko, na imefungwa na twahara na haikuzidi haja, halipi. Mahanafi na Mahanbali hawamlazimishi kulipa. Na ndani ya madhehebu yetu, Imam Muzani amesema kwamba kila sala iliyosaliwa ndani ya wakati wake kwa upungufu wa lazima hailipwi, na Imam Nawawi katika Al-Majmuu ameiona kauli hiyo kuwa na nguvu kwa upande wa dalili. Mgonjwa wa wiki sita aliyenijia na huzuni ya kulipa sala mia mbili, mimi humpa kauli hii.

Lakini kuna jambo ambalo wagonjwa hulisahau, na baadhi yetu masheikh pia. Rukhsa inapimwa kwa madhara, haipimwi kwa kuwepo kidonda. Katika matibabu haya, kwa kawaida daktari hutaka kidonda kikae kikavu siku moja au mbili tu. Baada ya hapo huwa mwenyewe anamuamuru mgonjwa akioshe kwa upole kila siku kwa maji na sabuni, akipake Vaseline na kukifunika upya, kwani kidonda chenye unyevu hupona vizuri kuliko kilichokauka gaga. Sasa mtu anaosha kidonda asubuhi kwa amri ya daktari, na adhuhuri anatayamamu kwa hoja kwamba maji yanamdhuru! Muulize daktari wako suali moja: "Maji ya bomba yakipita hapa mara tano kwa siku, kuna ubaya?" Akisema hakuna, ondoa bandeji, pitisha maji, funga. Akisema kufungua mara nyingi kutachelewesha kupona, endelea na rukhsa. Na tabaka la Vaseline lililo juu ya ngozi nzima lifute kabla ya kutia udhu ili maji yapite.

Mas-ala mengine

Akiwa amefunga Ramadhani, sindano ya ganzi haifunguzi, wala dawa ya kupaka. Azimio namba 93 la Baraza hilo la Fiqhi, Jeddah 1997, limeorodhesha sindano za tiba za kwenye ngozi, nyama na mshipa, zisizo za lishe, kuwa hazibatilishi saumu.

Kidonda kikiwa sehemu ya siri, mwanamke atafute daktari mwanamke Muislamu, kisha mwanamke asiyekuwa Muislamu mwenye kuaminika, kisha mwanamme Muislamu, kisha mwengine, na awepo mumewe au maharimu au mwanamke wa kuaminika. Lakini madaktari wa ngozi kwetu ni wachache, na kungoja miezi kwa ajili ya jinsia ya daktari si katika dini.

Kovu litakalobaki si kubadilisha maumbile ya Allah. Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua vitani, akatengeneza ya fedha ikamnukia, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu ya dhahabu. Kuondoa ugonjwa na kuurekebisha mwili uliharibika kuko mbali na katazo hilo.

Mwenye betri ya moyo aliyowekewa kifuani amwambie daktari kabla umeme haujawashwa, kwani unaweza kuivuruga. Mwenye kunywa dawa za kuifanya damu iwe nyepesi aseme pia, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Ndugu zetu wenye ualbino

Siwezi kuifunga makala bila ya kuwataja hawa, kwani katika nchi yetu wao ndio wanaolipa zaidi. Ngozi zao hazina rangi ya kuzikinga na jua, na saratani huwapata wakiwa bado vijana, mara nyingi usoni, masikioni, shingoni na nyuma ya mikono. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilicho hospitali ya KCMC, hutibiwa wengi, na hapo hapo hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili yao. Saratani zilizopevuka hupelekwa Ocean Road, Dar es Salaam.

Nawaambia walimu wa madrasa: kofia ya kiua haina ukingo, haifuniki masikio wala shingo. Mtoto mwenye ualbino aje chuoni na kofia pana, avae ya kiua akishaingia ndani. Asipangwe foleni juani wala asikalishwe barazani panapopigwa na jua la alasiri. Kanzu ya mikono mirefu ni kinga nzuri kuliko fulana. Katika ihramu, mwavuli unaruhusiwa kwa mwanamme kwa kuwa haugusi kichwa. Akilazimika kuvaa kofia kwa dharura atavaa na atatoa fidia.

Mafuta ya jua na udhu: yakiwa yamenyonywa na ngozi na kilichobaki ni utelezi tu, maji yakipita yanatosha. Yakiwa ni mazito meupe yenye kuganda, yafutwe kwanza, kisha yapakwe tena baada ya udhu. Asiyapunguze kwa kuogopa udhu. Kuyapaka mara kwa mara kwa niya ya kuuhifadhi mwili ni katika ibada.

Na mzazi akiona kwa mwanawe kipele kinachovuja damu na kurudi, au gamba gumu lisilobanduka, asingoje sikukuu ipite.

Wallahu A'lam.